Kutwa moja Provence: mgeni apiga picha, mkulima asubiri mafuta

Na Mwandishi Wetu, Marseille

GARI lilikuwa dogo, la viti vinane vya abiria, na liliondoka saa moja na nusu asubuhi kutoka kando ya bandari ya zamani ya Marseille, kusini mwa Ufaransa. Tulikuwa watu wa mabara manne: mume na mke kutoka Korea Kusini, wasichana wawili wa Kibrazili, mzee wa Kimarekani na bintiye, mimi, na mama mmoja wa makamo aliyejitanda shiromani nyekundu.

Ile shiromani ndiyo iliyonipa ujasiri wa kumsalimu kwa Kiswahili. Mama alicheka, akanijibu kwa Kikomoro, lugha ambayo Mswahili huisikia kama wimbo anaoujua uliobadilishwa maneno. Nilipompisha akae dirishani aliniambia, "Marahaba." Nikabaki najiuliza nimemwamkia shikamoo saa ngapi. Kumbe kwao marahaba ni asante. Tangu hapo tulielewana, nusu Kiswahili, nusu Kikomoro, na palipokwama tukamalizia kwa Kifaransa.

Ni mzaliwa wa Nzwani, kisiwa ambacho Wafaransa hukiita Anjouan. Ameishi Marseille zaidi ya miaka 20 akisafisha vyumba vya hoteli. Wakomoro katika mji huu ni makumi ya maelfu, na wapo wanaoutania kuwa ni kisiwa chao kingine. Safari hii alilipiwa na wanawe kama zawadi.

"Kila kiangazi wageni wanarudi na vifuko vyao vya lavenda, wanalala navyo," alisema. "Natandika vitanda vinavyonukia lavenda miaka yote hii. Shamba lenyewe sijawahi kuliona."

Shamba lenyewe liko mwendo usiofika saa mbili kutoka kwake.

Safari za namna hii ni nyingi Provence kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Agosti. Mgeni hulipa, sisi tulilipa zaidi kidogo ya euro 100 kila mmoja bila chakula cha mchana, huchukuliwa asubuhi, huzungushwa mashambani na vijijini, na hurudishwa jioni. Dereva ndiye kiongozi. Wa kwetu alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa karibu na mji wa Apt, ambaye kabla hatujatoka mjini alikwisha kutupa masharti: shambani tupite kati ya mistari, tusikanyage mmea, tusikate ua hata moja. "Na nyuki hawana ugomvi na nyinyi," aliongeza, "mradi nyinyi msiwe na ugomvi nao."

Kituo cha kwanza kilikuwa Lourmarin, kijiji alikozikwa Albert Camus, mwandishi aliyezaliwa Algeria na kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1957. Tulipewa dakika 25. Zilitosha kunywa kahawa ya bei mbaya, hazikutosha kufika makaburini. Hilo ndilo tatizo la safari ya kutwa, na msomaji alijue mapema: unaona mengi, unakaa na machache.

Kutoka hapo barabara inapenya kwenye bonde jembamba katikati ya milima ya Luberon, inashuka Apt, kisha inaanza kupanda tena kuelekea Sault. Huko, kwenye uwanda ulio mita zipatazo 800 juu ya usawa wa bahari, ndiko tulikoiona. Mistari ya zambarau imenyooka kama iliyochorwa kwa rula, inapokezana na ngano iliyoiva, na nyuma yake mlima Ventoux una kilele cheupe. Si theluji. Ni mawe matupu. Gari zima lilinyamaza, kisha simu zote zikatoka mifukoni kwa pamoja.

Kiongozi alitusubiri tupige picha. Alipoona tumetosheka alituita kando, akavunja vikonyo viwili vilivyoota nje ya mistari, akatuambia tunuse kimoja kimoja.

Lavenda mbili

Wengi wetu tulidhani lavenda ni moja. Kikonyo cha kwanza kilikuwa na kichwa kimoja kifupi na harufu laini. Cha pili kilikuwa kirefu, kina matawi pembeni, na harufu yake inapanda puani kama kafuri.

Cha kwanza ndicho lavenda halisi, mmea wa milimani. Cha pili huitwa lavandini, mtoto wa lavenda halisi na lavenda nyingine ya mabondeni yenye majani mapana. Kama nyumbu kwa punda na farasi, lavandini ina nguvu kuliko wazazi wake lakini haizai. Mbegu zake ni tasa, hivyo kila mche hupandwa kwa kipandikizi. Ni hiyo inayofunika sehemu kubwa ya mashamba yanayoonekana kwenye kadi za posta, kwa sababu inastahimili nyanda za chini na inatoa mafuta mengi. Kupata kilo moja ya mafuta ya lavenda halisi huhitaji kama kilo 130 za maua. Kwa lavandini, kama kilo 40 zinatosha.

Bei nazo hutofautiana. Mafuta ya lavenda halisi huenda kwenye manukato na dawa. Ya lavandini huishia zaidi kwenye sabuni za kufulia, dawa za kusafishia sakafu na vinyunyizio vya chooni. Tangu 1981 Ufaransa inalinda kisheria jina la mafuta ya lavenda ya Haute-Provence: mmea lazima uwe ule halisi uliooteshwa kwa mbegu, na uwe umelimwa mita 800 au zaidi juu ya bahari.

"Kwa hiyo ninachomwagia vyooni hotelini ni hiki?" aliuliza mama, akionyesha kikonyo cha pili.

"Karibu hicho hicho," alisema kiongozi. "Kingine hutengenezwa maabara kabisa, hakijawahi kuona shamba."

Hapo ndipo alipotueleza habari za baba yake. Mzee analima lavandini, kama babu alivyolima lavenda halisi kwa mundu, familia nzima ikiinama kutwa juani mwezi Julai. Mashine zilipokuja zilipunguza kazi ya mgongo, na mashamba yakapanuka. Miaka ya karibuni bei ilipopanda, kila mwenye ardhi alipanda lavandini, hata waliokuwa wakilima ngano. Bulgaria nayo ikaongeza kilimo chake cha lavenda halisi hadi kuipita Ufaransa. Mafuta yakajaa ghalani, bei ikaanguka vibaya, na serikali ya Ufaransa ikalazimika kutoa fedha za kuwasaidia wakulima. Wengine wameng'oa.

Halafu kuna ugonjwa. Kidudu kirukacho, kidogo kuliko panzi, hufyonza utomvu wa mmea na kuacha ndani yake vimelea vinavyoziba njia za chakula. Shamba linaanza kukauka kwa mabaka, mche huu leo, ule kesho. Kiangazi kikali chenye ukame kinaongeza kasi. Msomaji wa Kagera, Masaka au Kivu aliyeshuhudia mnyauko wa migomba haitaji maelezo zaidi. Wadudu na vimelea ni tofauti, lakini lile la mkulima kusimama ukingoni mwa shamba akihesabu mashina yanayokufa ni lile lile.

"Baba ana shamba," alisema kiongozi wetu. "Mimi nina gari. Mwaka juzi gari ndilo lililolipa deni la shamba."

Alisema hivyo bila huzuni, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Lakini nilianza kumtazama kwa jicho jingine. Huyu si mtu wa utalii aliyesoma habari za lavenda. Ni mtoto wa mkulima ambaye rangi ya ua inamlisha kuliko mafuta yake. Na rangi haiuzwi. Mwenye shamba tulilopigia picha hakupata hata senti kutoka kwetu, isipokuwa tungeamua kununua chupa kwenye kibanda chake. Wawili kati yetu walinunua.

Mtungi wa shaba

Mwishoni mwa Julai mavuno yamekwisha kuanza, na tulibahatika kukuta kiwanda kidogo kikifanya kazi. Ukiwahi kuona gongo likipikwa, au waragi, chang'aa, kanyanga ya Rwanda na Burundi, au lotoko ya Kongo, basi hutashangaa. Maua hushindiliwa kwenye pipa kubwa lililofunikwa. Mvuke hupita chini kwenda juu, ukichukua mafuta njiani. Bomba hupeleka mvuke huo kupitia kwenye maji baridi, unageuka kuwa maji, na kwenye chombo cha mwisho mafuta huelea juu, yakakingwa. Maji yanayobaki nayo hunukia, nayo huuzwa. Mabua yaliyochemshwa hurudi shambani kuwa mbolea au huchomwa kupata moto. Hakuna kinachotupwa.

Pembeni, kama pambo, palikuwa na mtungi wa zamani wa shaba nyekundu wenye shingo ndefu. Mama aliusogelea, akaupapasa tumboni kama mtu aliyekutana na jamaa.

"Huu ni wa kwetu," alisema.

Tulidhani anatania. Hakuwa akitania. Nzwani ni kisiwa cha mlangilangi, mti wenye maua ya manjano ambao wanawake wa mwambao wetu huyavaa kichwani na kuyatia kwenye vikuba. Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa mafuta yake duniani. Miti hukatwa na kukunjwa ibaki mifupi ili mchumaji afikie maua bila kupanda, na huchumwa alfajiri, jua lisijawa kali. Bibi yake, koko kwa lugha yao, alikuwa mchumaji. Yeye mwenyewe alikwenda naye tangu akiwa na miaka saba, na malipo yalikuwa kwa kilo.

"Nyinyi mnachemsha kwa muda gani?" alimuuliza fundi wa kiwanda.

"Nusu saa hivi."

Mama alipiga kofi moja. "Sisi ni usiku na mchana!"

Na ni kweli. Langilangi hukenekwa hata saa 20, na mafuta hutolewa kwa madaraja: ya saa za kwanza ndiyo ghali kuliko yote, yanayofuata bei hushuka. Mitungi mingi ya Nzwani bado hutumia kuni, na kisiwa kimelipa kwa misitu yake. Mafuta hayo hupakiwa kwenye madumu bandarini Mutsamudu, na kwa miongo mingi soko lake kubwa limekuwa Ufaransa, hasa kwa watengeneza manukato wa Grasse, mji ulio mashariki ya hapa tulipokuwa, ambao ujuzi wake wa manukato uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2018. Chanel No. 5, manukato yaliyotoka mwaka 1921 na labda yanayojulikana kuliko yote, yana langilangi ndani yake.

Yule fundi aliacha kazi yake akasikiliza. Alikuwa ameshika mafuta ya langilangi mara nyingi, alisema, lakini hajawahi kuongea na mtu aliyechuma ua lake.

"Na wageni?" kiongozi wetu alimuuliza mama. "Wanakuja kutazama mashamba yenu?"

"Nani aje?"

"Basi mna bahati. Hakuna anayewakanyagia."

Mama alimtazama kidogo. "Bahati gani, mwanangu," akasema kwa Kikomoro, na hakutafsiri.

Niliyatafakari hayo tulipokuwa tukila mchana, mkate na jibini ya mbuzi chini ya kivuli cha mti, nyenje wakipiga kelele hadi unainua sauti kuongea. Kwetu tunazo safari kama hizi. Zanzibar mgeni hupelekwa Kizimbani na Kidichi, akanusishwa mdalasini, akaonjeshwa iliki, akavikwa kofia ya makuti, na kijana akamwangulia dafu. Lakini karafuu nyingi ziko Pemba, ambako wageni ni wachache, na mafuta hukamuliwa kwenye kiwanda cha makonyo Wawi bila basi la watalii mlangoni. Harufu inatoka sehemu moja, pesa ya kuitazama inabaki nyingine. Provence wamefaulu kuviweka vitu hivyo viwili mahali pamoja, na hata hivyo mtoto wa mkulima anaendesha gari.

Vijiji vyenye madirisha yaliyofungwa

Alasiri ilikuwa ya vijiji. Kwanza tulishuka kwenye korongo ilipo abasia ya Sénanque, ambayo watawa wa Kisitersiani waliianzisha mwaka 1148, na ambako watawa bado wanaishi. Shamba la lavenda mbele ya kanisa lao la mawe limepigwa picha pengine kuliko shamba lolote duniani. Tulilikuta sehemu kubwa limekwisha kukatwa. Yule bibi wa Kikorea karibu alie. Alikuwa amevaa gauni jeupe tangu asubuhi kwa ajili ya picha hiyo moja. Mumewe alimpiga picha mbele ya mistari mitatu iliyosalia, akichuchumaa ili visiki visionekane.

Kwa watawa, hata hivyo, ua lililokatwa ndilo lenye faida. Wanaishi kwa kazi za mikono, na dukani kwao kuna mafuta, sabuni na asali. Kibao kinaomba ukimya na kinakataza kuingia shambani. Kibao kinasomwa na wachache. Nilihesabu watu sita ndani ya mistari kwa dakika kumi tulizosimama, na mmoja alikuwa amelala chali.

Gordes iko juu ya mlima, nyumba za mawe zimepandana hadi kwenye ngome. Agosti 1944 Wajerumani walikiharibu vibaya kijiji hiki kulipiza kisasi kwa wapiganaji wa upinzani, na sehemu kubwa ya yale mawe yanayoonekana ya kale yalijengwa upya baada ya hapo. Wakazi hawafiki 2,000. Julai huwezi kuamini, kwa msongamano wa magari. Lakini ukiacha uwanja wa katikati ukapanda vichochoro, unakuta nyumba baada ya nyumba madirisha yamefungwa. Kiongozi alisema ni nyumba za likizo za watu wa Paris, London na Brussels. Mwingereza Peter Mayle alipochapisha kitabu chake kuhusu maisha ya Luberon mwaka 1989, kiliuzwa sana hata wasomaji wakaanza kuja kumtafuta kwake. Wachina nao waliletwa na tamthilia ya televisheni ya mwaka 2007 iliyopigwa kwenye mashamba haya. Kijana wa Gordes anayetaka kununua nyumba Gordes anashindana na wote hao. Kiongozi wetu amepanga Apt.

Roussillon nitapita haraka, ingawa hakistahili. Ni kijiji chekundu. Udongo wake wa rangi ulichimbwa kwa rangi za kupakia nyumba, na kuta zote zimepakwa udongo huo, manjano hadi damu ya mzee. Ukipita njia ya miguu kwenye machimbo ya zamani usivae viatu vyeupe. Samuel Beckett alijificha hapa wakati wa vita, akiwakimbia Wajerumani. Tulikuwa na dakika 40, na nusu yake ilikwenda kwenye foleni ya aiskrimu.

Kwa msomaji wa Kampala, Kigali, Bujumbura au Goma anayefikiria kwenda: viza ya Schengen ya muda mfupi ni euro 90 kwa mtu mzima, hairudishwi hata ukinyimwa, na utatakiwa kuwa na bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Treni ya kasi kutoka Paris hadi Marseille ni zaidi kidogo ya saa tatu. Uwanda wa Valensole huwa mzuri kuanzia mwisho wa Juni hadi katikati ya Julai. Ukichelewa, omba safari inayokwenda Sault, ambako maua hudumu zaidi na ambako tarehe 15 Agosti kuna sikukuu ya lavenda. Bila gari ni tabu, mabasi ya vijijini ni machache. Na uliza kabla ya kulipa kama safari inafika kwenye kiwanda. Nyingi haziendi, zinaishia kwenye duka.

Wakati wa kurudi wengine walilala. Kabla ya barabara kuu kiongozi alipunguza mwendo, akaonyesha kwa kidevu shamba kando ya njia. Nusu ilikuwa zambarau. Nusu ilikuwa udongo mtupu, mashina ya kijivu yamerundikwa pembeni yakisubiri kuchomwa.

"La baba," alisema.

Hakuna aliyetoa simu. Mama alimuuliza watapanda nini badala yake. Alisema mzee anataka lozi, yeye hajui, lozi huchukua miaka kabla ya kuzaa. Mama akamwambia kwamba kwao, mlangilangi ukizeeka, hupanda mwingine kando yake kwanza, ndipo wanaung'oa wa zamani. Kijana alitikisa kichwa, akasema kwa lavandini haifai, ugonjwa unavuka.

Tulifika Marseille saa moja jioni, jua bado liko juu. Mama alikuwa na vifuko vitatu vya lavenda alivyonunua kwa mkulima wa Sault. Kimoja ni cha binti yake. Viwili vingetiwa kwenye sanduku la nguo linalokwenda Nzwani, kwa dada yake ambaye bado anachuma.

"Anuse na yeye," alisema. Zamu yake hotelini ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, akaenda kuwahi basi.